Autumn Leaves, wimbo wa jazz: unapobuni solo, je, ubadili skeli (mfululizo wa noti) kwa kila kodi (noti zinazopigwa pamoja)?

Hapana, utachoka bure. Ukiipiga kwa G maina, kodi za Cm7–F7–B♭maj7–E♭maj7 zote zinakaa ndani ya B♭ meja, kisha Am7♭5–D7–Gm zinarudi G maina. Noti karibu zote ni zilezile! Mgeni ni mmoja tu: F♯ ya D7. Ukiikwepa hiyo, D7 haisikiki kama inaiita Gm.

Mimi ningeweka skeli kando kwanza (wengi hawapendi kusikia hivi), niimbe polepole noti moja kwa kila kodi: B♭, A, A, G, G, F♯, halafu G. Sikia inavyoteremka ngazi hadi F♯, kisha inapanda nyumbani. Ukishaizoea, anza kuipamba kwa noti za jirani.