Majani ni ya Mungu, je serikali inaweza kuyazuia? Jibu kwa mwenye ng'ombe wanaolishwa mbugani

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Naishi Kisauni na nafanya kazi mjini. Marehemu baba alituachia ng'ombe, sasa wamefika 60, wanachungwa na ami zangu upande wa Tana River. Ukame ukikaza, wachungaji huwaingiza usiku ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, na mara nyengine hutoa kitu kidogo kwa askari. Maalim mmoja huko amewaambia vijana kwamba majani ni ya Mwenyezi Mungu, serikali haina haki ya kuyazuia, na atakayezuiwa apigane. Vijana nao wanatumiana video ya mfugaji wa Marekani aliyesimama na watu wenye bunduki mpaka ng'ombe wake wakaachiliwa. Kila Idi ya kuchinja naleta ng'ombe Mombasa kuuza. Je, nawauzia watu haramu? Na maalim huyo amesema kweli?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kwanza uondoe hofu moyoni. Ng'ombe ni urithi wako wa halali, na nyama na maziwa yao ni halali. Majani yaliyoliwa bila idhini hayamgeuzi mnyama kuwa haramu, na anayemnunua kwako akamchinja Idi, udhuhia wake umesihi bila shaka yoyote. Dhambi, kama ipo, iko kwenye tendo la kuwaingiza pasipo ruhusa, na iko shingoni mwa aliyeingiza na aliyeridhia. Hilo tutalirudia.

Lililonikosesha raha ni maneno ya huyo maalim, kwa sababu yanamwaga damu. Ameshika Hadithi ya Mtume (SAW) iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, majani na moto. Hadithi tunaikubali. Lakini aliyesema maneno hayo ndiye huyo huyo aliyeitenga Naqi', karibu na Madina, iwe malisho ya farasi wa Waislamu, watu wengine wasilishe humo. Na ndiye aliyesema, katika Bukhari na Muslim, kwamba kila mfalme ana hima yake, yaani malisho aliyoyatenga, na mchungaji anayechunga kandoni mwa hima hukaribia kuingia ndani yake. Angekuwa amekusudia kuwa hakuna awezaye kutenga malisho hata kwa maslahi ya wote, asingeitenga Naqi'. Alichokipiga vita ni desturi ya Jahiliya, mkubwa wa kabila kujichukulia bonde zuri awe peke yake na ngamia wake.

Atasema: "Hima ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake tu, ndivyo ilivyo kwenye Hadithi, na serikali hii si ya Kiislamu." Sayyidna Umar aliisikia Hadithi hiyo kabla yetu, na bado alitenga malisho ya Sharaf na Rabadha. Wanazuoni wetu wa Kishafii, katika kauli yenye nguvu, wakamruhusu kiongozi kutenga ardhi isiyo na mwenyewe kwa ajili ya wanyama wa sadaka, wanyama waliopotea, na mifugo ya mnyonge asiyeweza kwenda mbali kutafuta malisho. Ama kuhusu serikali kutokuwa ya Kiislamu, Qur'ani imesema: "Enyi mlioamini! Tekelezeni ahadi." Tunaishi nchi hii kwa mapatano. Sisi watu wa Pwani kila siku tunalia ardhi zetu zimenyakuliwa, na tunakwenda mahakamani tukiwa na hati mkononi kudai sheria itulinde. Vipi leo sheria hiyo iwe na nguvu penye kiwanja changu Mombasa, na isiwe na nguvu Tsavo, mbuga iliyotengwa tangu 1948? Katiba ya 2010 imegawa ardhi ya nchi mafungu matatu, ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Ya umma si ya rais wala ya askari. Ni ya Mkenya wa Wajir na wa Turkana vilevile, na anayeilisha usiku kwa siri amejitwalia fungu la wengi.

Tena majani yale yana wengine wanaoyategemea. Mwenyezi Mungu amesema hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukaye ila ni umma kama nyinyi. Ukame wa 2022, baada ya misimu ya mvua kukosekana mfululizo, serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba peke yake.

Ama video ya Marekani, vijana wameonyeshwa nusu ya kisa. Yule ni Cliven Bundy wa jimbo la Nevada. Aliacha kulipa ada ya malisho ya ardhi ya umma 1993, na 1998 mahakama ilimwamuru aondoe ng'ombe wake. Aprili 2014 maafisa walipokuja kuwakamata, watu wenye silaha walijitokeza na ng'ombe wakaachiliwa. Kesi yake ya jinai ilifutwa Januari 2018 kwa sababu waendesha mashtaka walificha ushahidi, si kwa sababu jaji aliona ardhi ni yake. Nini cha kuiga hapo? Nyinyi wa Tana hamhitaji video ya mbali. 2012 mlizika zaidi ya watu 100 kwa ugomvi wa wafugaji na wakulima juu ya malisho na njia za kufikia mtoni. Maalim anayewaambia vijana wapigane kwa ajili ya majani baada ya msiba ule, na amche Mola wake.

Nimemkatalia maalim, na serikali pia nina la kuiambia. Umar alipomweka Hunayy kusimamia hima, alimuusia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwambia: mwenye kundi dogo la ngamia na mwenye kundi dogo la kondoo waruhusu waingie, na jihadhari na mifugo ya Ibn Auf na Ibn Affan, kwa sababu wao mifugo ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atanijia na wanawe akilia, "Ewe Amirul-muuminin!" Maji na majani, alisema, ni mepesi kwangu kutoa kuliko dhahabu na fedha. Na akakiri jambo ambalo watawala wachache hulikiri: naapa kwa Mungu wanaona nimewadhulumu, na hakika ni nchi yao. Yote haya yako katika Bukhari.

Kwa hivyo ukame ukizidi, ni wajibu wa wenye mamlaka kufungua sehemu maalumu, kwa muda maalumu, kwa wenye makundi madogo, kabla mtu hajalazimika kuiba usiku. Wakiwafungulia matajiri wenye mamia ya ngamia na kumfukuza mwenye ng'ombe kumi, wamekipindua alichokifanya Umar. Na askari anayekamata ng'ombe akawafunga bila maji wala majani akumbuke mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie.

Narudi kwako, ndugu yangu. Najua si rahisi kusikia simu ya ami anakwambia ng'ombe wa baba wameanza kuanguka. Dharura ya kweli huhalalisha kumwokoa mnyama, lakini kwa kiasi chake, na haiondoi haki ya mwenye haki. Mkitozwa faini kisheria, lipeni. Mkidhulumiwa, nendeni kama walivyokwenda Waendorois, jamii ya wafugaji wa hapa Kenya waliofukuzwa kandoni mwa ziwa Bogoria miaka ya 1970. Walipeleka shauri lao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na uamuzi ukatangazwa 2010 kwa upande wao. Hawakumwaga damu. Sajilini pia ardhi yenu chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, maana malisho yasiyosajiliwa ndiyo huliwa kwanza.

Kitu kidogo mnachompa askari kiacheni leo. Mnalipia kile mnachodai ni haki yenu, na fedha hiyo haimfikii yeyote mwenye haki. Uza baadhi ya ng'ombe mapema, wakiwa na nyama mwilini, ukame haujafika. Wapunguze hata kama ami zako watanung'unika kwamba unaipunguza heshima ya nyumba.

Jambo moja hukuliuliza. Kwa madhehebu yetu, zaka ya mifugo huwajibika kwa wanaolishwa malisho ya bure mwaka mzima. Wanaosema majani ni bure wengi wao zaka hawatoi. Wewe una ng'ombe 60: wakitimiza mwaka na masharti mengine, unadaiwa ndama wawili waliotimiza mwaka mmoja, na kama ni wa warithi wote, mnadaiwa kwa pamoja. Anza na walio karibu na zizi, watu wa Tana waliopoteza mifugo yote.

Wallahu a'lam.