Mtu mzima hovyo: maswali yenu wiki hii

Inbox imejaa wanunaji watupu, haya twende.

Swali: Dada, mume wangu ana miaka 41, ni nahodha wa boti za Mokowe. Nikimuuliza ada ya shule ananuna siku nne na anasusa chakula changu, mamake ndo anamletea. Anasimama hatua mbili kutoka nilipo anamwambia mtoto wetu wa miaka sita "mwambie mamako anipe shati." Huu ni ugonjwa? – Mama wawili, Langoni

Hapo kwa shati nilicheka halafu nikamhurumia huyo mtoto, manake kafanywa tarishi ndani ya nyumba yao wenyewe. Sasa kuhusu ugonjwa, mwaka 1952 madaktari wa akili wa Marekani kwenye mwongozo wao wa kwanza waliandika kabisa kununa, ukaidi na kuahirisha-ahirisha kama dalili za aina fulani ya utu wenye kasoro, na Shirika la Afya Duniani nalo lilikuwa na "utu usiokomaa" kwenye orodha yake ya magonjwa, lakini orodha yao mpya iliyoanza kutumika Januari 2022 imeyatoa majina hayo, siku hizi daktari anaangalia shida ni kubwa kiasi gani, imedumu muda gani, na iko kila mahali ama nyumbani tu. Kwa hiyo nami nakuuliza: abiria wakimfokea boti imechelewa, huwa ananuna siku nne? Kama huko anajizuia basi kujizuia anajua, ila nyumbani hajaona sababu, na mama mkwe akiendelea kuleta hizo sahani hataiona leo wala kesho. Wewe usibembeleze, usinune pia. Mtoto mwambie akacheze. Shati asipoliomba mwenyewe likae, na akishatulia ulizia tena ile ada, manake ndo iliyoanzisha yote.

Swali: Mwanangu ana miaka 19, akikasirika anarusha simu ukutani. Atakua kweli? – Baba, Shela

Sehemu ya mbele ya ubongo, hii nyuma ya paji, ndo breki, na huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo muda bado upo. Lakini simu mpya ajinunulie.

Swali: Wangu akikasirika ananipiga, halafu analia kama mtoto.

Mamangu, hapo tusiite utoto, ni kupigwa. Piga 1195, namba ya msaada Kenya kwa wanaopigwa nyumbani, ni bure, na uende kwa mtu wako unayemuamini leo hii.

Swali: Mke wangu anasema mimi ndo mtoto. Akinikosoa nachukua tuktuk nazunguka mpaka Casuarina. Juzi nilirudi nikamwambia "samahani kama umeumia." Nna makosa? – Dereva, Malindi

Kutoka upoe kichwa si kosa bwana, wengine wangetukana. Mi nataka kujua ukirudi unasema nini, manake kwenye meseji yako umeandika ulimwambia "samahani kama umeumia." Hiyo "kama" itoe, halafu rudi umwambie tena.