Usigeuzwe karani wa kundi: kufanya kazi ya chuo na wenzako waliokuzidi umri

Ujumbe ulionifikia wiki hii ni mfupi: "Kundi letu lina watu 5. Mimi nina miaka 20, wenzangu wote wamepita 40, wana kazi na familia. Wao wanaongea, mimi nachapa. Nikilalamika wananiambia wewe ndiye unayejua kompyuta. Nifanyeje?"

Hali hii imeenea vyuoni, na inaniuma kila ninapoikuta, kwa sababu wanaoumia ni wote. Kijana anamaliza muhula akiwa hodari wa kuchapa mawazo ya wengine. Mtu mzima naye anaondoka hajui kuandika ripoti, na mara nyingi hicho ndicho kilichomrudisha darasani.

Kwanza ondoa umri kwenye lawama. Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha vipimo vya watu wanaovuta kamba. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu pungufu. Walipofika 8, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Tafiti za baadaye zilitenga sababu mbili: watu hawavuti kwa mpigo mmoja, na mtu hulegea pale mchango wake unapopotea ndani ya mchango wa wengi. Kundi lako lina magonjwa hayohayo mawili, na lingekuwa nayo hata kama wote mngekuwa na miaka 20.

Kwa hiyo kikao cha kwanza, dakika 40 zinatosha, kisianze kwa swali la "nani atafanya nini?" Swali hilo huzaa ukimya, na ukimya humwangukia aliye mdogo. Anza na saa. Kila mtu ataje vipindi viwili vya wiki ambavyo ana hakika navyo. Utasikia mmoja ana saa 11 alfajiri kabla ya kwenda kazini, mwingine ana saa 3 usiku watoto wakishalala. Hapo utaelewa kwa nini ujumbe wako wa saa 8 mchana ulikaa bila jibu hadi usiku. Ukishajua saa za watu, utaacha kuhesabu ukimya kuwa dharau. Nao wakijua una mtihani siku fulani, hawatakupigia usiku wa kuamkia siku hiyo wakitaka slaidi.

Halafu someni swali pamoja, kwa sauti, pamoja na mwongozo wa alama. Sehemu yenye alama 30 haiwezi kupewa nafasi sawa na yenye alama 10.

Kugawa kazi ndipo makundi mengi yanapokosea hesabu. Tuseme ripoti ni maneno 3,000 na mko watu 5. Wengi hugawa 600 kila mmoja, kisha "yule mdogo ataunganisha". Kuunganisha si kubandika. Ni kulinganisha istilahi, kufuta yaliyojirudia, kusawazisha marejeo, kupanga vichwa na kurasa. Kwa ripoti ya ukubwa huo tenga saa 6 hadi 8. Ukiandika maneno 600 na ukaunganisha pia, umebeba kazi mbili. Gawanya hivi: watu 4 waandike maneno 675 kila mmoja, yaani 2,700. Wa tano aandike utangulizi na hitimisho tu, maneno 150 na 150, kisha aunganishe. Na huyo wa tano si lazima awe wewe. Kama mna mtu aliyezoea kuandika taarifa za ofisini, huenda anaweza kazi hiyo kukuzidi.

Kila sehemu iandikwe kwenye jedwali: jina la mhusika, swali moja ambalo sehemu inajibu, idadi ya maneno, vyanzo visivyopungua 3, na tarehe mbili. Tarehe ya kwanza ndiyo muhimu zaidi, nayo husahauliwa. Mkiwa na siku 28, siku ya 10 kila mtu alete aya moja na orodha ya vyanzo vyake. Aliyekwama ataonekana siku ya 10 na si siku ya 26. Rasimu kamili siku ya 18, kuunganisha hadi ya 21, wote wasome hadi ya 24, mazoezi ya wasilisho siku ya 25, kuwasilisha siku ya 27. Siku moja iliyobaki ni ya umeme kukatika na mtandao kugoma.

Faili liwe moja tu, kwenye hati ya pamoja ya mtandaoni kama Google Docs. Mkianza kutumiana viambatisho, baada ya wiki mtakuwa na "kazi ya mwisho", "kazi ya mwisho kabisa" na "mwisho 2", na mtu atasahihisha faili lililokufa. Hati ya pamoja pia huhifadhi historia ya mabadiliko, hivyo inaonekana nani aliandika nini na lini.

Mtu akikuletea karatasi alizoandika kwa mkono, usizichukue uchape. Mwambie: "Mama, tukae nusu saa, nikuonyeshe, uingize mwenyewe." Yeye ashike kipanya, wewe mikono mapajani. Ukimnyang'anya kipanya mara moja tu, somo limekwisha. Kama vidole vinamchelewesha, mwonyeshe alama ya maikrofoni kwenye kibodi ya simu: anasema, simu inaandika, yeye anasahihisha. Kumbuka pia kwamba kuanzia miaka ya 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa na herufi ndogo za karibu husumbua. Picha ya skrini yenye maandishi madogo haimfai. Tuma kiungo cha hati yenyewe, ukubwa wa herufi usiwe chini ya 12.

Sasa jambo ninalolijali kuliko yote: uzoefu wao. Mtu mzima huleta kundini kitu ambacho maktaba haina, lakini hukileta kikiwa hukumu iliyokwisha kukatwa. Tuseme mnaandika kwa nini wafanyakazi wapya huacha kazi mapema, naye ameandika: "Vijana wa siku hizi hawavumilii kazi." Kijana asiye na busara huifuta sentensi hiyo usiku bila kusema, na kesho kundi limepasuka. Muulize maswali matatu: uliona wapi, walikuwa wangapi, walisema nini walipoaga? Huenda akajibu kwamba kitengoni kwake waliajiriwa 9, wakaondoka 7 ndani ya miezi 6, na 5 kati yao walisema hawakuwa na wa kuwaelekeza. Tazama kilichotokea. Hukumu juu ya vijana imegeuka kuwa ushahidi juu ya maelekezo kazini, na ameitoa mwenyewe. Sasa tafuteni chanzo kinachozungumzia maelekezo kwa waajiriwa wapya, kitangulie, mfano wake ufuate. Jina la mahali pa kazi na la mtu yeyote lisitajwe, na mhadhiri aulizwe kama mfano wa namna hiyo unahitaji kibali.

Kupinga nako kuna namna yake. Pinga maandishi, usimpinge mtu. "Mzee, sentensi hii mhadhiri atatuuliza chanzo, tuna kipi?" inafika. "Hapa umekosea" haifiki, hata kama ni kweli. Na wakianza kukutuma, heshima haikuzuii kusema: "Nimeshabeba sehemu ya 3, hii nikiichukua ile itachelewa. Niache ipi?" Mwachie uamuzi, naye aone uzito.

Asiyeleta kazi mpigie simu ndani ya saa 24. Ujumbe mbele ya kundi zima humwaibisha mtu mzima na kumfanya ajifiche zaidi. Simu isipozaa kitu kwa siku 3, punguzeni sehemu yake kwa makubaliano na iandikwe kwenye jedwali. Ikifika siku ya 20 bado patupu, mhadhiri ajulishwe, na jedwali lipelekwe kama lilivyo. Malalamiko ya siku ya 27 hayamsaidii mtu.

Kwa wasilisho la dakika 15, watu 5 wakipokezana kila mmoja anabakiwa na chini ya dakika 3. Mhadhiri akiruhusu, wazungumze 3, wawili wajibu maswali. Fanyeni mazoezi mara 2, mkipima muda kwa saa ya simu, mkiwa mmesimama.

Siku ya kuwasilisha, watu wawili wawe wamefungua mfumo wa chuo, mmoja akishindwa mwingine apakie. Fungueni faili baada ya kupakia muone kama kurasa zote zipo, kisha picha ya uthibitisho itumwe kwenye kundi ili wote waihifadhi simuni.