Maswali na majibu: Bingwa wa watoto anaivia wapi?

Kijana wangu amemaliza udaktari, anataka kuwa bingwa wa watoto. Ni miaka mingapi? (Mama, Morogoro)

Shikamoo mama. Baada ya MD (shahada ya kwanza ya udaktari) ya miaka 5 kuna utarajali wa mwaka 1, kisha MMed (shahada ya uzamili ya ubingwa) ya watoto, ambayo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ni miaka 3. Afanye kazi kwanza. Aliyewahi kulala zamu wilayani huuliza maswali yenye uzito zaidi kwenye raundi.

Mwanangu ana miaka 2 na nusu, haongei. Bingwa alisema wavulana huchelewa, tusubiri. Kwani hili hawafundishwi? (Baba, Tanga)

Hufundishwa, ila kidogo mno. Muda mwingi wa mafunzo huishia wodini: nimonia, malaria kali, utapiamlo, watoto njiti (waliozaliwa kabla ya wakati). Bingwa mpya anaweza kumtuliza mtoto mwenye degedege usiku wa manane bila kutetemeka, lakini ni nadra awe amekaa nusu saa mkekani na mtoto mzima wa afya, akitazama kama anageuka akiitwa jina, kama ananyoosha kidole kuonyesha kitu. Hayo huonekana kliniki, na kliniki yenye foleni hadi nje haimpi mtu nusu saa. Kwangu mimi hili ndilo pengo kubwa la mafunzo yetu, na wanaoumia ni watoto kama wako. Usisubiri, baba. Mtoto wa umri huo asiyeongea achunguzwe, awe wa kiume au wa kike, na aanze kwa kupimwa usikivu.

Nimehitimu, nimepangiwa hospitali ya mkoa. Bingwa wa watoto ni mimi peke yangu. Nianzie wapi?

Hongera, na hofu yako naielewa. Acha kwanza magonjwa adimu. Kaa mapokezi uone mtoto anayepumua kwa shida anasubiri kiasi gani kabla ya kupewa oksijeni. Nenda kwa wachanga, ushike nyayo za njiti; zikiwa za baridi, kazi yako ya kwanza umeipata. Wasikilize wauguzi, wako hapo miaka mingi.

Bingwa akishahitimu, bado anasoma?

Lazima. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu (wa kuhara hawakuhusishwa), ulionyesha kwamba kuwapa maji mengi ya mshipa kwa haraka kuliongeza vifo. Kabla ya hapo ndivyo tulivyofundishwa kufanya. Aliyehitimu 2010 akafunga vitabu huenda anawatundikia dripu vilevile hadi leo.