Rangi ya kugusia kupauka kwenye boneti: tatizo ni klia, sio rangi

Mkuu uliyeuliza kwa nini vidoa vya kokoto ulivyojazia rangi kwenye boneti ya Toyota Ist yako nyeusi vimekuwa mati (havina mng'ao) wakati kodi, yaani namba ya rangi ya gari, ni ile ile, usimlaumu muuza rangi. Gari nyingi zinatoka kiwandani na praima (rangi ya chini ya kushikia bati), juu yake rangi, halafu klia, ile vanishi angavu ya juu kabisa, na mng'ao wote unaouona ni wa klia. Ile rangi ikikauka peke yake lazima ipauke.

Gari yangu inapiga sana njia ya Usagara kwenda Sengerema nyuma ya malori, kokoto zinaitandika kila mara, hii kazi nimeizoea. Osha, pangusa na spiriti waksi yote itoke, kama imefika kwenye bati gusa praima. Kile kibrashi cha kwenye chupa achana nacho ni kinene mno, chukua kijiti cha meno, chovya ncha tu, gusisha katikati ya tundu uiache rangi itambae yenyewe mpaka ukingoni. Weka tabaka jembamba, likikauka weka jingine, maana tina (kiyeyusho cha rangi) ikiruka rangi inabonyea. Ishia chini kidogo ya usawa wa bodi, hiyo nafasi iliyobaki ni ya klia, nayo ijaze mpaka ivimbe kidogo.

Alafu tulia, hapa ndo wengi wanaharibu. Klia ya chupa isiyo na hadina (dawa ya kuigandisha) inashikika ndani ya lisaa ila kwa chini bado laini, ipe wiki nzima. Ukiisaga mapema itanywea baadaye na shimo litarudi.

Ikishakomaa chukua msasa wa maji namba 2000, uzungushie kwenye kifutio, maji na sabuni kidogo, saga kile kivimbe tu. Chungulia kwa karibu: kilele kinapauka kwanza huku pembeni kuna kipete bado kinang'aa, kipete kikiisha tu acha hapo hapo, klia ya kiwandani ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari ukiitoboa ndo basi tena. Malizia na msasa 3000, kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) kwa mkono, polishi.

Na huku kwetu Mwanza usiweke klia asubuhi mapema au mvua ikiwa imetoka kunyesha, unyevu unaifanya iweke ukungu mweupe. Jioni ndo kabisa usijaribu, taa zikiwaka wale wadudu wa ziwani wanakuja kama moshi wananasa humo humo. Mi nafanya saa nne saa tano, kivulini.

Wenye Toyota nyeupe ya kodi 040, nyingi hazina klia kabisa, sugua kompaundi na kitambaa cheusi kikitoka na weupe wa rangi ujue hiyo haina, saga rangi yenyewe. 070 ya lulu ina tabaka tatu, hiyo mpelekee fundi rangi. Yako kama ni 209, ile nyeusi yenye chenga ndani, tikisa chupa muda mrefu kabla ya kila tabaka, chenga zinalala chini na ukizikosa kidoa kinatoka cheusi tupu hata ukiweka klia.