Maswali ya Wasomaji: Chaza, Ndugu Zao na Wazazi Wao

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha kina mama huku Kwale. Tunafuga chaza wa mikoko kwenye trei zinazoning'inia chini ya chelezo. Mbegu tunaitoa baharini wenyewe: tunatoboa makombe matupu, tunayatunga kwenye kamba, na watoto wa chaza wanajishikiza. Juzi mkutanoni alisimama bwana mmoja akasema chaza wa shamba wanazaana ndugu kwa ndugu kama mbuzi wa boma lenye beberu mmoja, ndiyo maana wetu wamedumaa. Akatushauri tuachane na mbegu ya baharini, tununue ya kituo cha kuzalisha vifaranga. Anasema kweli? (Katibu wa kikundi, Kwale)

JIBU: Marahaba, katibu. Bwana huyo amelishika jambo la kweli, ila amelipeleka kwa wasiohusika. Na ushauri aliowapa unaweza kuwapeleka kulekule anakosema mkimbie.

Mbuzi wa boma wanapandana bomani. Chaza wenu hawapandani ndani ya trei. Dume humwaga manii na jike humwaga mayai majini, na yai linarutubishwa hukohuko nje ya mama. Kwa siku moja hivi kitoto kimeshaota gamba dogo lenye umbo la herufi D. Kisha kinaelea na kuogelea kwa wiki mbili au tatu, kikila vijimwani vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mwisho kinaota doa la jicho na mguu, kinatafuta mahali pagumu, na kikishajibandika ndiyo basi, hakihami tena. Sasa hesabuni wiki mbili au tatu ni kupwa na kujaa mara ngapi. Mtoto aliyenasa kwenye kombe lenu wazazi wake huenda wako kwenye mikoko ya hori jingine, yaani mkono mwingine wa bahari kabisa. Nyinyi mnalea watoto wa bahari nzima, na huo ni utajiri ambao vituo vingi vingelipa pesa kuupata.

Nisiwapambe sana lakini. Hata baharini uzazi wa chaza ni bahati nasibu. Jike mmoja mkubwa wa chaza wa Pasifiki, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi duniani, anaweza kumwaga mayai milioni 50 na kupita kwa mkupuo mmoja, na karibu yote yanapotea. Mwaka 1994 mtaalamu wa Kimarekani, Dennis Hedgecock, alieleza kwamba katika viumbe vya namna hii wazazi wachache tu waliomwaga mahali pazuri kwa saa nzuri ndio huacha uzao, na maelfu ya wengine wanaambulia patupu. Kwa hiyo mbegu yote mliyoikusanya wiki moja, kwenye kamba moja, inaweza kuwa na ndugu wengi kuliko mnavyodhani. Dawa yake ni rahisi. Tundikeni makombe kwa miezi tofauti na kwenye zaidi ya hori moja la jirani, halafu changanyeni. Ila msivuke mipaka mkaleta chaza wa mbali bila kibali cha ofisi ya uvuvi, maana na magonjwa husafiri nao.

Na huo udumavu? Kabla ya kulaumu damu, kagueni trei. Nilipokuwa kazini, vikundi vilivyoniita kutazama chaza waliodumaa vilikuwa karibu vyote na shida zilezile: chaza wamerundikwa hadi wa chini hawapati maji yanayopita, matundu ya wavu yamezibwa na mwani na matope, au trei imefungwa juu mno na inakaa nje ya maji saa nyingi. Chaza hula akiwa majini tu. Akining'inia hewani nusu ya siku, amefunga nusu ya siku, na hiyo si Ramadhani. Punguzeni idadi kwa trei, zisugueni kila bamvua, teremsheni zile za juu, mpime wachache wale wale kila mwezi. Nyinyi mmesema chelezo, nacho hupanda na kushuka na maji, kwa hiyo la kuning'inia juu huenda halipo, lakini la kurundikana naliona tangu huku niliko.

Sasa tuje kituoni, kwenye kiini cha neno la yule bwana. Hapo ndipo ndugu huoana kweli, na hufichika kwa sababu ya wingi. Mtu anakuonyesha tangi lenye watoto milioni tano, unasema mashallah, damu gani itapungua hapo? Lakini wingi wa watoto haukuambii chochote. Ulizeni wazazi walikuwa wangapi, tena wangapi madume na wangapi majike. Kuna hesabu ambayo wataalamu wa uzalishaji wa wanyama huitumia: zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa nne, gawanya kwa jumla yao. Dume mmoja na majike 20 wanatoa karibu 4. Yaani wazazi 21 mezani, lakini kwa upande wa damu ni kama wazazi wanne, na kila kizazi cha namna hiyo kinaongeza udugu, yaani nafasi ya mtoto kurithi kinasaba kilekile kwa baba na kwa mama, kwa kiasi cha asilimia 13. Madume 25 na majike 25 wanatoa 50, na udugu unaongezeka asilimia 1 tu. Mkiwazalisha kaka na dada wa baba mmoja mama mmoja, watoto wao wanaanza na asilimia 25 papo hapo.

Na hesabu hiyo inadhani kila mzazi amepata fungu lake sawa. Hapati. Kituo kikichanganya manii ya madume wote kwenye ndoo moja na kuyamwagia mayai, manii yanashindana, na dume mmoja au wawili wanaweza kuwa baba wa sehemu kubwa ya watoto. Mafundi makini hugawa mayai ya kila jike mafungu, kila fungu likapewa manii ya dume wake peke yake, ndipo wakachanganya. Halafu kuna chekeche. Katika wiki zile za kuelea, kituo huchuja watoto na kutupa wanaokua polepole ili tangi liende sawa. Inaonekana ni busara, ila mara nyingi wanaokua pamoja ni wa familia moja, kwa hiyo kila mchujo unaweza kufuta familia nzima. Fundi anadhani ametupa wadhaifu, kumbe ametupa ukoo.

Kwa nini udugu uwaumize chaza kuliko wengine? Kwa sababu chaza amebeba kasoro nyingi zilizojificha kwenye vinasaba vyake. Sophie Launey na Hedgecock walichapisha utafiti mwaka 2001 wakakadiria kwamba wale chaza wa Pasifiki waliowachunguza walibeba angalau kasoro 8 hadi 14 kali, za aina isiyodhuru mpaka mtoto aipate kwa baba na kwa mama. Ndugu wakizaana, nafasi ya kukutana inakuwa kubwa. Wengi wa watoto hao wanakufa wakiwa bado wanaelea, mteja hawaoni. Mnauziwa walionusurika, na ndani yao mnaweza kukuta ukuaji hafifu na vifo ambavyo mtavisingizia joto.

Basi akija muuzaji, mwulizeni bila haya. Wazazi wamevuliwa baharini au ni watoto wa mbegu aliyouza mwaka juzi? Hubadilisha wazazi lini? Walimwaga wangapi kweli, si wangapi waliowekwa tangini? Aina hiyo ya chaza ni ya pwani yetu? Anayejua kazi yake atafungua daftari. Anayeanza kuwaimbia habari za milioni tano, mpeni chai aende zake.

Mimi ningekuwa nyinyi ningebaki na mbegu ya baharini, na nguvu ningeipeleka kwa wazazi. Mayai na manii yakimwagwa na chaza waliotawanyika mbalimbali hayakutani, kwa hiyo hori lililovunwa hadi mizizi ya mwisho halitoi mbegu hata kama chaza wawili watatu wamebaki. Kule Fumba, Unguja, ambako kina mama walifuga chaza wa lulu nusu (lulu bapa upande mmoja, inayokua imeshikamana na gamba), vijiji vilikubaliana kufunga sehemu za kuokotea ili chaza wakubwa wabaki na kuzaa. Kaeni na wazee wenu mchague kipande cha mikoko kisichoguswa. Na hata mkija kununua mbegu ya kituo siku moja, msiijaze hori lote, kwani nayo itakuwa mzazi wa kesho, ikamwaga uzao wa wazazi wachache juu ya wale wa asili.

SWALI: Ati chaza anabadili jinsia? Mwenzangu anasema basi anaweza kujizalisha mwenyewe. Tumewekeana dau la soda. (Kijana wa Wete, Pemba)

JIBU: Dau mgawane, kila mmoja ana nusu. Chaza wa mikoko na wa Pasifiki wengi huanza udume wakiwa wadogo, na wengi wakikua hugeuka majike, maana yai linagharimu chakula kingi na mwili mkubwa unakimudu. Anaweza kurudi udume msimu mwingine ikiwa hali ni mbaya. Lakini kwa msimu mmoja kwa kawaida ni huyu au yule. Wachache sana huwa na vyote viwili kwa pamoja, na maabara wamewahi kuwatumia hao kurutubisha mayai yao kwa manii yao wenyewe. Udugu wa mtoto wa hapo ni asilimia 50, mara mbili ya ule wa kaka na dada, na kama ulivyosoma hapo juu, wengi wao hawafiki mbali.

Jambo hili lina funzo kwa wafugaji, kijana. Kituo kikichagua wazazi kwa ukubwa tu, kinaweza kujikuta na majike tele na madume wawili. Rudi kwenye hesabu ya kuzidisha na kugawanya.

SWALI: Nafanya kazi kwenye duka la samaki La Rochelle, Ufaransa. Tunauza chaza wanaoitwa wa misimu minne, ambao hata kiangazi hawana maziwa, yaani ule utando mweupe mzito wa msimu wa kuzaa. Wateja Waislamu wananiuliza kama wamepandikizwa vinasaba vya mnyama mwingine. (Msomaji, Ufaransa)

JIBU: Hawajapandikizwa kitu. Chaza wa kawaida ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 20, seti mbili za kumi. Huyo wako ana seti tatu, jumla 30, na zote ni za chaza. Hupatikana kwa kumpandisha jike wa kawaida na dume mwenye seti nne, aina ambayo Ximing Guo na Standish Allen wa Marekani walifanikiwa kuizalisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza mayai, ndiyo maana hajai maziwa mwezi wa saba, na chakula chake kinakwenda kwenye nyama badala ya uzazi. Habari ya ndugu kuoana kwake imefungwa, ila kwa wale madume wa seti nne wanaowazaa imebaki palepale, kwani nao ni ukoo unaolelewa kituoni na kuhesabiwa kama wengine. Na ukikuta mmoja mmoja ana maziwa kidogo, usimrudishe kwa muuzaji: utasa wao si kamili, wachache hutoa mayai.