Kwa Mnaoanza Kusaka Safari ya Shujaa Kwenye Riwaya

Wadogo zangu mlioingia kidato cha tano na tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na ninyi wa mwaka wa kwanza chuoni mnaorudi Moshi likizo na kazi ya uhakiki begani, kuna swali ninaloulizwa kila mwaka: "Mwalimu, hatua ya sita iko ukurasa wa ngapi?" Muulizaji ameshachora jedwali la vyumba kumi na viwili, kimoja kwa kila hatua ya safari ya shujaa, yaani ule mfano wa hadithi ambamo mtu anatoka kwao, anajaribiwa, kisha anarudi; saba vimejaa, na sasa anaipekua riwaya akitafuta chochote cha kutupia kwenye vile vitano vilivyobaki. Nawaandikia ili msianzie hapo.

Kwanza wekeni sawa nani alisema nini, maana alama nyingi hupotea kwa jambo dogo hili. Joseph Campbell, Mmarekani, alitoa The Hero with a Thousand Faces mwaka 1949. Alichokuwa akichambua ni visasili na hekaya za mataifa mbalimbali. Riwaya hazikuwa shughuli yake kuu. Aliigawa safari ya shujaa mafungu matatu, yaani kuondoka, kufundwa na kurudi, na ndani yake akaweka hatua 17. Hizo hatua 12 zilizomo kwenye karatasi zenu za kurudufu ni za Christopher Vogler, mtu wa miswada ya filamu huko Hollywood, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1992. Kwa hiyo ukiandika "hatua 12 za Campbell", msahihishaji anayejua ameshakushika. Nyuma yao wote yupo Carl Jung, tabibu wa akili wa Uswisi, aliyelieneza wazo la akitaipu: sura za kale za wahusika zinazojirudia katika ndoto na hadithi za watu wasiowahi kukutana. Na kabla ya Campbell, mwaka 1928, Mrusi Vladimir Propp alikwishachambua ngano za kwao zipatazo mia moja akapata matendo 31 na wahusika wa aina saba. Nitamrudia Propp, kwa sababu binafsi namwona ana faida kubwa kwetu kuliko anavyopewa.

Hatua za Vogler mnazijua: dunia ya kawaida, mwito, kuukataa mwito, kukutana na mshauri, kuvuka kizingiti, majaribu pamoja na marafiki na maadui, kulikaribia pango, mtihani mkuu, zawadi, njia ya kurudi, ufufuo, na kurudi na dawa. Zichukulieni kama vituo vya kosta ya Moshi kwenda Arusha. Boma Ng'ombe ipo, KIA ipo, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, zote zipo barabarani siku zote. Lakini dereva hasimami kila kituo. Anasimama penye abiria, na kuna siku anapita Kikatiti bila hata kupunguza mwendo. Riwaya nayo inapita vituo, na mhakiki mzuri anaandika kwamba imekipita, kisha anauliza kwa nini.

Kabla ya hatua yoyote, amua safari ni ya nani. Hapa ndipo wengi wanapotea wakiwa hata hawajafika sura ya pili. Chukua Takadini ya Ben Hanson, ambayo wengi wenu mmeisoma sekondari. Jina la kitabu ni la mtoto, basi mwanafunzi anamfanya mtoto kuwa shujaa na kuanza kuhesabu. Lakini anayeondoka ni nani? Ni Sekai. Amekaa miaka bila mtoto, anampata, mtoto ni albino, na mila ya kijiji imeshaamua kuwa mtoto huyo haishi. Mwito wake haukuletwa na mzee mwenye fimbo aliyetokea msituni. Umeletwa na kuzaliwa kwa mtoto. Anambeba na kukimbia. Kizingiti anakivuka yeye, akiwa na kichanga mgongoni ambaye hajui lolote. Ukimweka Takadini kwenye kiti cha shujaa tangu mwanzo, robo nzima ya kwanza ya kitabu inakosa mwenyewe. Ukimweka Sekai, kila kitu kinakaa. Halafu mbele kidogo unaona fimbo ya mbio inapokelewa: mtoto anakua, anafundishwa kupiga mbira (ala ya muziki), anapata watesi wake, na sasa ana safari yake ndani ya safari ya mama. Riwaya moja, safari mbili, ya pili ikianza kabla ya ya kwanza kwisha. Hilo peke yake linatosha insha nzima, wala hujagusa jedwali.

Sasa wahusika. Majina yanayotumika sana ni shujaa, mshauri, mleta mbiu (anayeleta mwito), mlinzi wa kizingiti (anayemzuia shujaa kutoka), kigeugeu (asiyejulikana yuko upande gani), kivuli (adui), mwandani (mwenzake wa safari) na ayari (mjanja mwenye vituko). Kosa ninalolikuta kwenye madaftari ni kumgawia kila mhusika jina moja kama namba ya mtihani, na akishalipata halivui tena. Hizo ni nafasi tu. Mtu anaingia kwenye nafasi kwa kurasa kumi, anatoka, anaingia nyingine. Mzee Chivero, anayewapokea Sekai na mwanawe ugenini, ni mwandani wa mama siku ile ya kuwapa hifadhi, na baadaye ni mshauri wa mtoto pale anapomtia mbira mikononi. Mzee ni yule yule, ila kazi mbili. Basi msiulize "Chivero ni nani?" Ulizeni "Chivero anafanya nini hapa, na anamfanyia nani?"

Shaaban Robert anawadanganya kidogo kwa wema wake, kwa sababu anawapa wahusika majina yanayotaja tabia. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na mwanafunzi akishasoma majina hayo anaandika "kivuli" na kufunga daftari. Lakini tazameni kitabu kinavyokwenda. Ndugu hawa ni wenzake wa safari, chombo kimoja, biashara moja, kwa hiyo wanaanza kama waandani. Wanakuja kugeuka wakati Adili ana kitu wanachokitamani, wakamtosa baharini. Huria, binti wa kijini, anamwokoa na kuwageuza ndugu hao manyani. Kisha kuna tendo ambalo mimi hulisoma tena kila ninapokifungua kitabu: Adili, akiwa mtawala mwenye heshima zake, anawachapa manyani wale kila usiku kwa amri aliyopewa, na moyo unamuuma. Kwenye jedwali lako hilo litakaa wapi? Kivuli kimeshashindwa, kimefungwa, lakini shujaa hawezi kulala. Ukipachika "mtihani mkuu" umelazimisha, kwa sababu mtihani mkuu huja mara moja na kupita. Huu unarudi kila jua likizama. Mwandishi ameichukua hatua moja na kuifanya desturi ya nyumbani. Andika hivyo.

Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, inafaa kwa zoezi jingine. Isomeni mkiwa upande wa Yasmin, binti aliyeozwa akiwa mdogo kwa Raza aliye rika la kumzaa, akaamua kutoka. Jamaa zake wanapomfungia mlango, hao ni walinzi wa kizingiti. Denge anapoingia maishani mwake na siasa za kupinga ukoloni, kwa upande wa Yasmin ni mleta mbiu: anamwonyesha kuna dunia kubwa kuliko nyumba ya mume aliyoikimbia. Halafu isomeni upya kwa upande wa Denge. Ghafla yeye ndiye shujaa, askari wa mkoloni ndio kivuli, na Yasmin anakuwa mwandani. Kitabu hakijabadilika hata herufi. Nikipewa muda mfupi na kikundi kipya, zoezi ninalowapa ni hili.

Sehemu ninayotaka mkae nayo zaidi ni kurudi. Kwa Vogler shujaa anarudi na dawa na jamii yake inapona. Riwaya zetu kubwa mara nyingi hapo ndipo zinapogoma, na mahali riwaya inapogoma ndipo penye insha yako.

Chukueni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi inayoelea angani inatuma wajumbe sita, mmoja mmoja, pande zote: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anaondoka, anataabika, anajifunza jambo la kuifaa nchi yake, anarudi nalo mkononi. Na kila mmoja anaporudi anatupwa gerezani. Hayo hatuyaoni yakitokea. Tunayasikia mahakamani, siku baada ya siku, kutoka kwa Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Mwanafunzi mwenye jedwali analalamika kwamba Karama haendi popote, basi si shujaa wa aina hii. Haendi, kweli. Anasimama kizimbani na kusimulia. Lakini safari sita zimekwisha kabla hajafungua mdomo, na zote zimekwama mahali pamoja, mlangoni pa nyumbani. Mimi naisoma kesi nzima kama hatua ya mwisho iliyorefushwa ikawa kitabu: dawa imeshapatikana mara sita, kilichobaki ni kuwafanya wenye nchi waimeze. Mwishoni wanaachiwa, na dawa inapokelewa. Usipoiona kesi kama kurudi, utaandika kwamba riwaya haina muundo wa safari, na utakuwa umekosa safari sita.

Wekeni kando yake Okonkwo wa Chinua Achebe katika Things Fall Apart ya mwaka 1958. Anakaa uhamishoni Mbanta miaka saba, anarudi Umuofia, na Umuofia aliyoiacha haipo tena. Yeye hana dawa, na hata angekuwa nayo hakuna wa kumpa. Kisha Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971: msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba, Zakaria, anatoka nyumbani kwenda shule bila mtu aliyemwandaa kwa dunia anayoiingia. Kituo kilichorukwa pale ni cha mshauri, na matokeo yake mnayajua. Hata Fumo Liyongo, ambaye ni wa utenzi, aliyeponyoka gerezani kwa tupa iliyofichwa kwenye mkate, anakuja kuuawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba kitovuni. Kigeugeu kimetoka chumbani mwake mwenyewe.

Propp, sasa. Ukiwa na ngano, za bibi yako wa Marangu au za Sungura zilizoko vitabuni, mtumie yeye kabla ya Vogler. Ana mhusika anayetoa kifaa cha ajabu, ana anayemtuma shujaa, ana shujaa wa uongo anayedai sifa zisizo zake, na ngano zetu zimejaa hao. Kwa riwaya ya kisasa anabana mno. Wale mnaohakiki riwaya zinazohusu wanawake mtafuteni pia Maureen Murdock, aliyeandika mwaka 1990 kuhusu safari ya shujaa wa kike kwa sababu aliona ramani ya Campbell haimtoshi. Sikubaliani naye kila mahali, ila atawafungua macho kuhusu Sekai na Yasmin.

Jinsi ya kufanya kazi yenyewe: soma mara ya kwanza bila kuweka alama yoyote, utamu tu. Mara ya pili, kila sura iandikie sentensi moja yenye kitenzi: nani ametoka wapi, nani amemzuia, nini kimepotea. Usitumie neno lolote la nadharia kwenye sentensi hizo. Ukimaliza, zisome mfululizo na ndipo uchukue majina ya hatua, ukiweka namba ya ukurasa kila unapotumia jina. Jina lisilo na ukurasa lifute. Kama kitabu ni cha kuazima, alama ziwekwe daftarini. Watu wa maktaba hawataki kuona kalamu yako pembeni mwa kurasa, na wana haki.

Kama mwalimu wako anadai hatua zote kumi na mbili, mpe. Zilizopo zipe ukurasa, ambayo haipo ipe aya ya kueleza pengo lake linafanya nini kwenye hadithi. Bado sijamwona mwalimu aliyekata alama kwa aya ya namna hiyo.

Anzeni na Adili na Nduguze. Ni fupi na hatua zake zinaonekana mchana kweupe. Kisha Kusadikika, kisha Vuta n'kuvute. Nagona na Mzingile za Kezilahabi ziacheni mpaka mmezoea. Safari zimo, lakini barabara yenyewe inahama wakati unasoma.